Gari la Kulala Nililosaini Bila Kukagua

Siku yangu ya kwanza kazini nilijifungia ndani ya bodi la lori, nikiwa na nyundo mkononi na sina pa kutokea. Hakuna aliyenifungia. Nilijifungia mwenyewe, riveti moja baada ya nyingine, tena naimba.

Ilikuwa Magomeni, pale pale Kilosa mjini, kwenye karakana ya kuunda mabodi ya malori. Nilikuwa nimetoka kwetu Mvumi, shule nimeishia kidato cha pili. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha, nawajibu kwamba mimi na hesabu tulitengana kwa amani. Kiingereza chenyewe hakikusubiri hata kuaga.

Sasa riveti, kwa nyinyi mnaounganisha kila kitu kwa gundi, ni kipande cha chuma laini kama msumari usio na ncha. Unakipitisha kwenye tundu la mabati mawili, unakigonga mpaka kinatanuka kichwa pande zote mbili, na hapo mabati yameoana. Hakifunguki kama skrubu. Ukitaka kitoke, ukitoboe kwa drili. Nilipewa bodi la sanduku nipige mabati ya ndani, na mimi kwa bidii ya siku ya kwanza nikapiga yote, pamoja na bati la mlangoni.

Mchana nikasikia Fundi Mkuu ananiita. Alikuwa mzee mfupi mwenye viganja kama koleo.

"Danieli! Uko wapi?"

"Humu ndani, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Toka uje kula."

"Siwezi, mzee."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimeziba."

Halafu nikasikia karakana nzima inacheka, mpaka mtu mmoja akaangusha spana. Fundi Mkuu akaja, akagonga bati kwa nje kwa kifundo cha kidole, huku na huku, taratibu. Akasema, "Kazi imeshika vizuri. Tatizo ni fundi, amebaki upande usiofaa." Walinipitishia matonge ya ugali kwenye tundu la taa ya nyuma, moja moja, kisha wakala, wakapumzika, ndipo wakaja kunitoboa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kule kugonga kwa kifundo ndiko somo la kwanza alilonipa nilipotoka. Bati au ubao ulioshika unalia "ko". Wenye hewa nyuma yake unalia "pwa". Nimefanya kazi hii mpaka nimezeeka na sijaona mashine inayojua zaidi ya kifundo cha kidole.

Kilosa nilikaa miaka mingi. Baadaye nikachukuliwa na shamba moja la mkonge, kwenye karakana ya matrekta, chini ya Msimamizi wa Karakana ambaye maneno yake mengi yalikuwa neno moja: "Rudia." Ukimwonyesha kazi, anaizunguka, anakuna ndevu, "Rudia." Huko ndiko nilikopata jina la Fundi Puti. Puti ni ule unga uliokandwa kama donge, fundi anapaka kwenye bati lililobonyea, linakauka, unapiga msasa, unapaka rangi, hakuna ajuaye. Ni kitu kizuri ukikitumia kama chumvi. Mimi nilikitumia kama unga wa sembe. Siku moja nilipewa madigadi ya trekta iliyokunjika, lile bati la kuzuia tope juu ya tairi. Badala ya kunyoosha bati nikajaza puti, nikapaka rangi, ikang'aa kama sahani ya harusi. Dereva akawasha trekta. Likatetemeka mara tatu, na puti yote ikaanguka chini, pwaa, mbele ya viatu vya Msimamizi.

Siku hiyo akasema zaidi ya neno moja.

"Danieli, nilikupa bati ulinyooshe. Nani kakuambia uoke mkate?"

Halafu akasema lile lake.

Posti yangu ya tatu na ya mwisho ilikuwa Mikumi, kwenye kambi ya watalii iliyoko nje kidogo ya hifadhi. Mimi nilikuwa fundi wa magari yote: viti, mapaa, milango, kila kinachogonga na kinacholia. Bosi wangu alikuwa Meneja, mwanamke aliyelingana na binti yangu wa kwanza, Neema. Nawaambia, hakuna jambo gumu kama kugombezwa na mtu anayekupa heshima. Anakuja asubuhi, anainama kidogo, "Shikamoo fundi." Unaitikia, "Marahaba mwanangu, hujambo?" "Sijambo. Fundi, huu mlango umefungwa na nani, na nyati?" Unabaki umeshika marahaba yako mkononi.

Ilikuwa imebaki miezi saba nistaafu pale Meneja alipowashawishi wakubwa wa kambi wanunue gari la kulala. Hili ni lori dogo ambalo juu ya chesisi yake, yaani ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari, wamejenga nyumba: kitanda, jiko la gesi, sinki, bafu, choo, meza ya kukunja, kabati. Nyumba yenye usukani. Wageni wangelala humo kambini badala ya mahemani. Likaundwa na wauzaji fulani wa Dar es Salaam ambao sitawataja, maana nimeshawasamehe. Nikatumwa mimi na dereva kulipokea.

Hapa vijana mnisikilize vizuri, maana kosa ninalolisema ni la kwetu sote.

Tulilikuta limeoshwa, linang'aa, na ndani kila kitu bado kiko kwenye nailoni yake. Godoro kwenye nailoni, viti kwenye nailoni, milango ya kabati imebandikwa nailoni, hata ile fremu ya dirisha la paa imefunikwa nailoni na utepe wa kiwandani. Na ile harufu! Harufu ya kitu kipya inalewesha kuliko pombe ya mtama. Mimi kwetu nina makochi ambayo yana mwaka wa tisa na nailoni haijatoka. Mgeni akikaa kwenye joto la Kilosa, akitaka kuondoka lazima umbandue. Lakini makochi ni mapya! Ndivyo tulivyolelewa. Kitu kipya kinaheshimiwa, hakipekuliwi kama mtuhumiwa.

Kwa hiyo sikufungua kitu. Sikugonga kwa kifundo. Ofisa Mauzo, kijana wa suti na viatu vyenye ncha, akanipa karatasi tatu za Kiingereza.

"Saini hapa, hapa na hapa, mzee."

"Zinasemaje?"

"Kawaida tu. Kwamba umelipokea."

Nikasaini mara tatu, tena kwa mbwembwe, na mkia wa jina nikauzungusha.

Tulipofika kipande cha barabara kinachopita katikati ya hifadhi, tukapanda tuta la kwanza. Droo zote zikafunguka kwa pamoja zikatema vijiko. Dereva akanitazama. Nikamwambia, "Gari jipya lina aibu, litazoea." Tuta la pili, mlango wa kabati ukaning'inia. Tulipovuka hifadhi tukasimama kidogo, dereva akague matairi. Tuliporudi, nyani mkubwa alikuwa ameketi kitandani juu ya nailoni, anakula ndizi zetu. Mlango tulikuwa tumeufunga. Kitasa ndicho hakikufika kwenye tundu lake. Mpaka leo nasema yule nyani ndiye mkaguzi wa kwanza wa gari lile, na hakusaini chochote.

Kambini wahudumu wakataka kutoa nailoni. Nikawa mkali. "Atakayebandua atanitambua! Itatolewa siku wageni wanaingia." Mambo madogo nikayarekebisha kimyakimya. Bawaba za kabati zilikuwa na skrubu mbili badala ya nne, nikaongeza. Swichi ya taa iliwasha feni na ya feni iliwasha taa, nikabadilisha nyaya. Bomba lenye alama nyekundu lilitoa maji ya baridi. Meneja akiniuliza, "Fundi, gari likoje?" najibu, "Safi kabisa mwanangu." Puti tupu! Sasa nilikuwa naipaka kwa mdomo.

Kisha mvua za kwanza zikanyesha, siku mbili mfululizo. Siku ya tatu asubuhi Meneja akaniita kwenye gari. Alikuwa amesimama mlangoni, ameziba pua kwa mtandio.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba."

"Fundi, hapa mnafuga kambare?"

Nikapanda. Maji yalikuwa yameingia kwenye dirisha la paa, yakateremka ndani ya ukuta, yakapenya chini ya nailoni ya godoro, na nailoni ikayatunza vizuri kama ilivyotunza kila kitu. Ukibonyeza godoro, linapiga mawimbi. Plaiwudi ya ukutani imevimba kama andazi. Nikagonga kwa kifundo, kwa mara ya kwanza tangu gari lije. Pwa. Pwa. Pwa. Ukuta mzima ulikuwa hewa.

Meneja alikaa kwenye ngazi ya gari. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Niliwapigia simu Dar," akasema. "Wanasema fundi wetu amesaini kwamba alikagua kila kitu kwa mkono wake, paa limemwagiwa maji akaliona halivuji. Kwa hiyo tumeliharibu sisi. Ofisa wao anakuja kesho kutwa. Wakilikataa gari, wakubwa watauliza nani alipokea. Fundi, sitaweza kukusitiri. Utaondoka kabla ya siku yako, na si kwa sherehe."

Siku hizo mbili sikula vizuri. Mke wangu akaniuliza, "Baba Neema, una nini?" Nikamweleza. Akanisikiliza, akamenya viazi vyake, akasema, "Wewe ulijifungia ndani ya lori ukatoka. Na humu utatoka." Nikamwambia kule kulikuwa na tundu la taa.

Siku ikafika. Ofisa Mauzo akaja na suti yake na viatu vyake, akazunguka gari akipiga picha. Wahudumu wote wakasogea kusikiliza, dereva akiwemo.

"Hili limegongwa na matawi," akasema. "Mmelipitisha barabara mbovu. Na dirisha la paa mmelifungua vibaya." Akatoa zile karatasi. "Huyu mzee amesaini. Paa alilipima kwa maji, akaridhika. Si ndiyo, mzee?"

Watu wakanitazama. Hao vijana wote waliniita fundi, wengine niliwafundisha kushika nyundo. Meneja naye akanigeukia.

"Fundi, ulikagua?"

Nikiitikia "ndiyo", heshima yangu inabaki, na lawama inahamia kwa waliolitumia, yaani dereva na wahudumu. Nikikataa, mimi ni mzee mzima aliyesaini asichokijua.

"Sikukagua," nikasema. "Kiingereza sijui. Nilinusa upya nikalewa. Nilisaini kama mtu anayesaini kitabu cha rambirambi, bila kusoma."

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu akajutia. Ofisa Mauzo akakunja karatasi. "Basi hilo si letu. Saini ni saini."

"Ni kweli," nikamwambia, "saini ni yangu. Lakini umesema dirisha la paa tumelifungua vibaya. Njoo uone."

Tukapanda, yeye, mimi na Meneja. Nikamwonyesha fremu ya dirisha. Nailoni ilikuwa bado imeizunguka yote, na utepe wa kiwandani wenye chapa yao haujakatwa mahali popote. Dirisha halijawahi kufunguliwa hata inchi moja. Maana Fundi Puti alikataza! Nikakata utepe mbele ya macho yake, nikatoa nailoni, nikapitisha ukucha kwenye ungio.

Hapa niwaeleze. Paa la gari si paa la nyumba, kwa sababu nyumba haikimbii. Gari likitembea chesisi inajipinda kidogo, na kila kilichojengwa juu yake kinajipinda nayo. Ndiyo maana kati ya fremu na paa lazima kuwe na silikoni, ule uji mzito unaokauka ukawa kama mpira, ukivutwa unavutika, ukirudi unarudi. Bila hiyo, mwanya unabaki. Mimi nilipitisha ukucha nikitafuta silikoni. Hakuna. Haikuwa imechakaa wala kung'oka. Haikuwekwa kabisa. Na riveti za paa, ambazo Fundi Mkuu wa Kilosa alitaka ziachane vidole vinne, hizi ziliachana shubiri nzima.

"Hata hivyo," Ofisa akasema, "mwanya mdogo hivi hauwezi kuingiza maji yote hayo. Kiwandani tunapima."

"Sisi Kilosa tulikuwa na desturi yetu ya kupima," nikamwambia. "Bodi likiisha, aliyelitengeneza anaingia ndani, anakaa, anafungiwa mlango. Wenzake wanapanda juu na ndoo. Akitoka mkavu, gari linapakwa rangi. Wewe ni mwakilishi wa waliolitengeneza. Unaliamini gari lenu?"

Akamtazama Meneja. Meneja akasema kwa upole mkubwa, "Karibu uketi, kaka. Usiwe na wasiwasi, kitanda kina nailoni."

Wahudumu wakashangilia. Angekataa, angeonekana haliamini. Akaketi, amenyooka, mikono kwenye magoti, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Dereva na mwenzake wakapanda ngazi na ndoo. Ndoo ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, tukasikia ndani sauti nyembamba: "Aah!" Kisha, "Basi! Basi jamani, inatosha!"

"Hatusikii!" dereva akajibu, akamalizia ya nne.

Alipotoka, suti ilikuwa imeshikana naye kama riveti, na viatu vile vya ncha vinatema maji kila hatua. Nikampa taulo, nikamwambia pole, tena pole ya kweli. Tukamkalisha, akapewa chai na mihogo. Alipomaliza kikombe cha pili akacheka mwenyewe, akasema, "Mzee, nyinyi watu wa Kilosa ni hatari." Akapiga simu Dar pale pale. Nilimsikia anasema, "Hapana bosi, si matumizi mabaya. Nimekaa humo mimi mwenyewe."

Jioni Meneja akanifuata kwenye banda langu. Nikasimama, nikijua kinachokuja.

"Fundi," akasema, "ungesema ulikagua, ningekufukuza leo, shikamoo na yote. Ulijua?"

"Nilikisia."

"Na ile nailoni kwenu, kwenye makochi, itoe. Nilikuja kwenu Pasaka nikaondoka na alama miguuni."

Wiki iliyofuata walikuja mafundi wawili kutoka Dar na mbao mpya, zile za kustahimili maji. Masharti ya Meneja yalikuwa kwamba kazi ifanyike kambini na mimi nisimamie. Tulibomoa ukuta wote. Ndani tulikuta gazeti, kipande cha chapati na skrubu zile zilizopungua kwenye bawaba, zimemwagwa chini kama mbegu. Siku tano nilikaa kwenye kiti changu, nikigonga kwa kifundo. Ikilia pwa, nasema neno moja nililolirithi kwenye mkonge. Vijana wale walinichukia sana, na siku ya sita walinikumbatia. Kila mmoja alikaa ndani akamwagiwa ndoo kumi. Wakatoka wakavu, wanacheza.

Wageni walipoanza kuja, gari lile likawa ndilo linaloombwa kwanza. Mimi kazi yangu ya miezi iliyobaki ikawa kulikagua kila Jumatatu. Nikalikagua mpaka dereva akaniambia, "Fundi, hata mkeo humtazami hivyo."

Sasa nimepumzika, niko nyumbani, na vijana wanaojifunza ufundi wananijia kuuliza siri. Siri hakuna. Mimi nimeharibu vingi kuliko nilivyotengeneza, ila vile nilivyoharibu nilirudia. Aibu ya kusema "sikukagua" niliyoiogopa kama simba wa Mikumi ilikaa dakika moja hivi, na hakuna aliyeacha kuniita fundi. Kitu kipya kiheshimuni, lakini mkivue nguo kwanza mkitazame.

Siku ya kuniaga, kambi iliandaa pilau, kuku na soda. Mke wangu alivaa kitenge kipya, Neema alikuja na wajukuu. Baada ya hotuba, Meneja akanikabidhi karatasi ya mwisho ya kazi, akaniwekea kalamu. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili. Alisema ameiandika upya yeye mwenyewe kwa ajili yangu. Kurasa tatu.

Nikavaa miwani. Nikaanza ukurasa wa kwanza, mstari kwa mstari, kidole kikitembea. Watu wakasubiri. Nikafungua wa pili. Wajukuu wakaanza kuchungulia sufuria. Mke wangu akanikanyaga chini ya meza.

"Baba Neema, saini watu wale!"

"Subiri, mama. Niko kwenye paa."

Ukurasa wa tatu, mstari wa nne, nikasimamisha kidole. Nikavua miwani.

"Meneja, hapa pameandikwa nilikuwa dereva."

Akaja, akainama, akasoma. Akaweka mkono mdomoni, akaanza kucheka mpaka machozi. "Samahani fundi, nilikopi ya dereva nikasahau kubadilisha."

"Rudia," nikasema.

Akaenda ofisini kuchapa upya. Watu hamsini na pilau yao wakasubiri, wengine wananilaani kwa upendo. Aliporudi nikaisoma tena yote, tangu mwanzo. Ilikuwa safi. Pale kwenye jina la kazi paliandikwa "Fundi".

Ndipo nikasaini, mara moja tu, bila mbwembwe. Pilau tuliila imepoa, na sijawahi kula tamu kama ile.